Habari za Friedrich Fröbel, Aliyewapa Watoto Bustani

Katika kitabu hiki cha Jubilii yameandikwa mengi juu ya makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliotangulia kuzihudumia. Tumeona vema kutia pamoja nayo habari za mtu mmoja ambaye hakufika kwetu kamwe, wala hakuwa padre wala mmisionari, walakini kazi yake imefika karibu kila mtaa wenye shule ya watoto wadogo. Kila mama ampelekaye mtoto wake chekechea asubuhi anaifuata njia aliyoianza mtu huyu, ijapokuwa pengine jina lake hajapata kulisikia. Aliitwa Friedrich Fröbel, naye alikuwa Mjerumani, au Mdachi kama wazee wetu walivyozoea kusema. Twaandika hasa kwa ajili ya waalimu, maana katika mambo yake liko moja ambalo wengi wamelisahau, nalo ni hili: shule ile aliyoiwaza ilikuwa bustani kweli kweli, yenye udongo na majembe na maji, wala haikuwa bustani kwa jina tu.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kati ya milima yenye misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye mtaa mpana na vijiji vingi vya kuvitunza, tena mtu mkali kidogo, asiyekuwa na nafasi ya kukaa na watoto. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi tisa tu. Basi akalelewa na watumishi wa nyumbani na ndugu zake wakubwa, kila mtu kwa zamu yake na kwa wasaa wake, yaani pengine bila mtu yeyote. Alipokuwa yapata miaka minne baba yake akaoa tena, na mtoto akafurahi mno, akampenda mama wa kambo kwa moyo wote. Hata yule mama alipopata mtoto wake mwenyewe, mapenzi yakageuka. Akaacha kumwambia Friedrich wewe, akamwambia yeye, kama mabwana wa siku zile walivyowasemesha watumishi wao. Fröbel alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na neno lile dogo lilikuwa halijamtoka moyoni. Waalimu na wajua, na wazazi pia, ya kuwa mtoto asahau fimbo upesi kuliko asahauvyo neno la kumtenga.

Nyumba ya mchungaji ilizungukwa na majengo na nyua, naye hakuruhusiwa kutoka nje kucheza na wenziwe wa kijiji. Kilichomsalia kilikuwa bustani ya nyumbani. Humo alifanya kazi pamoja na baba yake, humo alikaa peke yake, akayatazama maua na wadudu na mawe saa nyingi. Baba yake alijaribu kumfundisha kusoma, akaona kazi ni ngumu, akakata shauri ya kuwa mtoto ni mzito wa akili. Akampeleka katika shule ya wasichana ya kijijini. Lakini mtoto huyo mzito alikuwa anafikiri mambo makubwa. Watu wa mtaa walikuja kwa mchungaji na mashitaka yao, na mara nyingi yalikuwa magomvi ya waume na wake, naye akiwapo akiyasikia. Akahuzunika sana, akamwuliza kaka yake Christoph kwa nini Mungu amewaumba watu wa namna mbili, ikiwa jambo hilo laleta mashaka mengi hivi. Christoph hakumpa hotuba. Alimwonyesha mti mdogo wa kwao uzaao kokwa, ambao maua yake ya kike ni kama nyuzi nyekundu nyembamba sana, na ya kiume huning'inia kando yake. Akamweleza ya kwamba maua nayo yako hivyo, na pasipo hivyo hapana mbegu. Moyo wa mtoto ukatulia. Tangu siku hiyo, kila aliposhindwa kuelewa jambo la wanadamu, alikwenda kuangalia mimea.

Alipotimiza miaka kumi, mjomba wake, mchungaji Hoffmann wa Stadtilm, akamwonea huruma, akamchukua kwake. Huko akaenda shule pamoja na wavulana wengine, akakimbia nao nje, akapata nguvu za mwili. Mwaka 1797 akawekwa kwa bwana misitu mmoja ajifunze kazi ya misitu na kupima ardhi. Bwana yule aliijua kazi yake sana, lakini hakuwa na muda wala ujuzi wa kumfundisha mtu. Basi kijana akajifundisha mwenyewe, mchana akikusanya majani na maua, usiku akisoma vitabu vya mimea alivyoazimwa na mganga wa mji wa karibu. Baada ya miaka miwili akaenda chuo kikuu cha Jena, na huko akapata aibu. Alimkopesha fedha ndugu yake mmoja, naye hakumlipa. Fröbel akawa na deni kwa mtu aliyemwuzia chakula, akafungwa majuma tisa katika kifungo cha chuo. Baba yake alikubali kumtoa kwa sharti kwamba aache haki yake ya urithi. Twalitaja jambo hili kwa kuwa wengine hudhani ya kuwa watu wakuu hupanda ngazi moja kwa moja. Huyu alipofika miaka 22 alikuwa amekwisha kuwa karani, mpimaji, na mshika hesabu za mashamba ya watu, wala hakuna aliyejua atakuwa nani.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt, akitaka kujifunza ujenzi wa nyumba. Hapo akakutana na Anton Gruner, mkuu wa shule moja mpya ya mjini, ambaye baada ya kuzungumza naye akamwambia aache majengo, aje afundishe. Akaingia darasani, mbele ya wavulana kama thelathini au arobaini, akajiona amefika kwao. Kabla ya kuanza kazi alisafiri kwa miguu mpaka Yverdon katika nchi ya Uswisi, kumtazama Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa siku zile, aliyefundisha kwa vitu vyenyewe kabla ya maneno. Baadaye alirudi kwake akakaa miaka miwili, tangu 1808 hata 1810.

Kati ya safari hizo mbili likatokea jambo dogo ambalo twaliona kuwa ndilo mbegu ya yote. Fröbel alikuwa mwalimu wa nyumbani wa wavulana watatu wa ukoo wa von Holzhausen. Baba yao akawapa kipande cha ardhi wakilime. Wale wana wa tajiri, ambao hawakukosa kitu, walilima, wakapanda, wakanyweshea. Na furaha yao kubwa kupita zote ikawa kuwaletea wazazi wao na mwalimu wao mazao ya mikono yao wenyewe. Fröbel alishangaa. Aliona ya kuwa mtoto apendaye kupewa hupenda zaidi kutoa, mradi awe na kitu ambacho ni chake kweli.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Alisoma Göttingen na Berlin, akajifunza madini na mawe ya fuwele chini ya profesa Weiss. Mwaka 1813 akaingia katika vita vya kumtoa Napoleon, na jeshini akapata marafiki wawili wa maisha, Langethal na Middendorff. Mwaka uo huo kaka yake Christoph, yule wa maua, alikufa kwa homa aliyoipata katika kuuguza askari, akaacha mjane na wana watatu. Hiyo ndiyo iliyomwita Fröbel. Akaacha kazi yake njema ya Berlin, na mwishoni mwa 1816 akafungua shule katika kijiji cha Griesheim, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wana wa ndugu zake, watano tu. Mwaka 1817 shule ikahamia Keilhau, bonde dogo la wakulima. Wavulana walipanda milima, walijenga mabwawa katika vijito, walilima, walipasua kuni, na masomo yao yalitoka katika mambo hayo. Mwaka 1826 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Ni kitabu kigumu. Hata Wajerumani wenyewe huchoka nacho. Fröbel alikuwa hodari wa kutenda kuliko wa kuandika, na anayetaka kumjua na aanze na matendo yake. Serikali za siku zile ziliogopa mapinduzi kila mahali, zikaidhania shule ya Keilhau kuwa na siasa ya siri. Wazazi wakaogopa, wakawatoa watoto, wakabaki wachache sana. Basi mwaka 1831 Fröbel akaenda Uswisi, akafungua shule huko, akaangalia na nyumba ya yatima mjini Burgdorf.

Burgdorf ndipo alipotambua kwamba amekuwa akianza kazi kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka saba aingiapo shule, mengi yamekwisha kujengwa ndani yake au kubomolewa. Naye mwenyewe alikuwa shahidi. Aliporudi Ujerumani alikaa Blankenburg, na mwaka 1837 akaanza kazi ya watoto wadogo. Akatengeneza vichezeo: mipira laini ya sufu yenye rangi, tufe la mti, kipande cha mti cha pembe nne sawa, kigogo cha mviringo, na vipande vya kujengea. Kwa muda mrefu alikosa jina la shule hiyo. Yasemekana alikuwa akitembea na marafiki zake mlimani, akaliona bonde la chini limekaa kama bustani moja kubwa, ndipo akapiga kelele za furaha ya kulipata: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Tarehe 28 Juni 1840 ikazinduliwa kwa jina hilo. Mkewe Henriette, aliyekuwa msaidizi wake tangu 1818, hakuiona siku ile; alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1839.

Sasa tuitazame bustani yenyewe. Wengi husema ya kwamba jina lile ni mfano tu: watoto ni miche na mwalimu ni mtunza bustani. Mfano huo ulikuwamo, kweli, lakini Fröbel alieleza waziwazi ya kuwa kila shule ya namna hiyo lazima iwe na bustani ya ardhi, akachora na ramani yake. Katikati vilikuwapo vitalu vidogo vidogo, kila mtoto na chake. Kuvizunguka vilikuwapo vitalu vya watoto wote pamoja, vyenye maua, na mboga, na mimea ya mashambani, kila namna mahali pake, ili mtoto ajizoeze kulinganisha jani na jani, mbegu na mbegu. Mpango huo alikuwa ameufikiri. Alitaka mtoto aone kwa macho kwamba yeye ni mmoja, mwenye mali yake na wajibu wake, na tena yumo ndani ya wengi wamzungukao na kumlinda, kama nyumba iliyo ndani ya kijiji. Katika vitalu vya wote watoto walifanya kazi kwa taratibu ya wote. Lakini katika kitalu chake mwenyewe mtoto alikuwa huru: apande atakacho, na kwa namna atakayo, na akipanda vibaya mmea wenyewe utamfundisha. Jina lake liliandikwa hapo, basi kila apitaye alijua ni nani ametunza na ni nani ameacha magugu. Na mahali palipokuwa padogo, watoto wawili walishirikiana kitalu kimoja.

Mtu aliyepata kuwa na watoto wa umri huo atajua yatokeayo. Mtoto hupanda kunde leo, na kesho asubuhi huifukua aione kama imeota. Mwalimu asiye na subira humkemea. Mwalimu wa Fröbel hunyamaza, kisha humpa mbegu ya pili aiweke kando ya ile, akamwacha alinganishe iliyofukuliwa na iliyoachwa. Somo hilo halihitaji ubao. Na kwetu lapatikana upesi zaidi kuliko kwao wenye baridi ya miezi mingi: kunde hutoka ardhini kwa siku chache, na mchicha huliwa kabla mtoto hajachoka kuungoja.

Hapa twapenda kusema neno na waalimu wenzetu. Shule zetu nyingi zimekuwa na shamba tangu siku za misheni za kwanza. Tena mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa shauri lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule za Tanzania ziwe na mashamba na kazi za kuzalisha, na wanafunzi wenyewe wawemo katika kukata mashauri ya kazi hizo. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyosahauliwa kwa wepesi. Mahali pengi shamba limekuwa kazi tu: mtoto aliyechelewa hupelekwa kulima, aliyepiga kelele hupewa matuta matano, na mavuno huenda asikojua. Mtoto wa namna hii hujifunza ya kwamba jembe ni fimbo nyingine, na akimaliza shule hukimbia kijijini asirudi. Hatusemi shamba kubwa la shule ni baya. Watoto wakila uji wa mahindi yao wenyewe, ni jambo la kushukuru. Twasema tu ya kuwa shamba lile na bustani hii ni vitu viwili, wala kimoja hakishiki nafasi ya mwenzake. Kitalu cha hatua mbili kwa moja, chenye jina la mtoto, hakitalisha shule. Lakini ndicho pekee ambacho mtoto atakiendea asubuhi kabla ya kengele, bila kutumwa. Wala hakihitaji fedha. Tumeona shule isiyo na madirisha yenye kiwanja cha kutosha watoto mia.

Basi turudi kwa Fröbel. Kwa kazi hiyo aliwataka wanawake, akawafundisha wasichana kuwa waalimu wa bustani za watoto, jambo lililokuwa geni. Mwaka 1848 waalimu walikutana Rudolstadt, akawaonyesha michezo na kazi yake. Baadhi walimcheka, ila mwisho mkutano ulimwunga mkono. Mwaka uliofuata alikuwa Bad Liebenstein, mahali ambapo wakubwa walikwenda kuoga maji ya dawa. Wageni wakasikia habari za mzee mpumbavu arukaye na kuimba na watoto wa wakulima kilimani. Bibi mmoja mwenye cheo, Bertha von Marenholtz-Bülow, alitaka kumwona mpumbavu huyo mwenyewe. Akasimama akamtazama, machozi yakamtoka, akawa mwanafunzi wake na mtetezi wake mpaka mwisho wa maisha yake.

Mtetezi alihitajiwa. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani za watoto katika nchi yake yote, ikisema ya kuwa zawafundisha watoto ukafiri na siasa ya kupindua nchi. Waliotoa amri walikuwa wamemchanganya na Karl Fröbel, mwana wa ndugu yake, aliyeandika kijitabu juu ya shule za wasichana. Mzee akaeleza kosa lao, akatuma maandishi yake, akamwandikia mfalme mwenyewe; haikufaa kitu. Amri haikuondolewa. Fikirini mtu wa miaka 69, mwana wa mchungaji, aliyemtafuta Mungu katika kila jani tangu utoto wake, kushitakiwa ya kuwa awatoa watoto katika dini. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi wake Marienthal, nchi nyingine isiyokuwa chini ya Prussia, pamoja na mkewe wa pili, Luise. Huko alifariki tarehe 21 Juni 1852. Middendorff, aliyekuwa naye, alisimulia kwamba katika siku zile za mwisho aliomba madirisha yafunguliwe, na maua yake yatunzwe. Kaburi lake liko Schweina, na juu yake pamesimamishwa kwa jiwe vichezeo vyake: la pembe nne chini, kigogo katikati, na tufe juu.

Marufuku iliondolewa mwaka 1860, na Bibi von Marenholtz-Bülow alikuwa amesafiri nchi nyingi akihubiri habari za bustani za watoto. Margarethe Schurz, mwanamke wa Kijerumani aliyehamia Marekani, alikuwa amekwisha kufungua moja katika mji wa Watertown mwaka 1856. Mwaka 1869 sheria ya shule ya Austria ikataka shule za vijijini ziwe na bustani. Lakini katika miji mikubwa, ambako kazi hii ilienea upesi zaidi, ardhi ilikuwa ghali. Waalimu wakachukua vipande vya mti na mipira, ambavyo vyatiwa sandukuni, wakaziacha bustani. Vichezeo navyo vikageuka kuwa masomo ya kukariri, watoto wakiinua kipande kimoja wote pamoja kwa amri, jambo ambalo twadhani lingalimwumiza Fröbel kuliko ile marufuku.

Aliyekumbuka alikuwa mjukuu wa ndugu yake, Henriette Schrader-Breymann, aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Alipoianza nyumba yake ya watoto mjini Berlin mwaka 1874, kati ya watu maskini wa mji, alirudisha udongo. Watoto wake walikaa na kitu kimoja mwezi mzima, kama vile mmea mmoja au mnyama mmoja, wakakitunza, wakakichora, wakakiimbia, na kikiwa cha kuliwa wakakipika wakala pamoja. Nyumba hiyo yaitwa Pestalozzi-Fröbel-Haus, nayo ingaliko Berlin hata leo.